Kila kazi nimeiwekea (A): nianze na ipi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Miezi miwili iliyopita niliacha programu za simu za kupangia kazi, nikahamia kwenye faili la maandishi matupu. Kila kazi ina mstari wake, na mwanzoni mwa mstari naweka (A), (B) au (C) kulingana na umuhimu. Siku za kwanza nilifurahi sana. Sasa faili lina mistari 140, na 43 kati ya hiyo ni (A). Asubuhi natumia karibu nusu saa kulisoma tu, kisha najikuta nimefanya vikazi vidogo vyepesi na kazi kubwa zimebaki palepale. Je, tatizo ni faili? Nirudi kwenye simu, au kuna mpangilio mwingine wa herufi unaofaa zaidi?

JIBU: Marahaba, na asante kwa kuhesabu. Wengi huniandikia kwamba orodha yao imejaa, basi. Wewe umeleta namba, na namba hizo zimenieleza karibu kila kitu. Faili lako halina kosa. Ukihamishia mistari hiyo 140 kwenye programu nyingine yoyote, utakuwa na mistari ileile 140, ila sasa ina rangi.

Tuanze na hizo 43. Sikiliza neno lenyewe: kipaumbele ni kupewa umbele, na mbele hawakai watu 43 kwa pamoja. Herufi (A) ina kazi moja tu, kukuambia mstari huu utangulie ule. Ikishakaa kwenye mistari 43, haikuambii lolote kuhusu hiyo 43. Nadhani najua ilivyotokea. Kila ulipoandika kazi mpya ulijiuliza, "Je, hii ni muhimu?" Kazi inapoingia kichwani kwa mara ya kwanza huwa muhimu daima, la sivyo usingehangaika kuiandika. Kwa hiyo swali hilo lina jibu moja, nalo ni ndiyo. Swali linalofaa linahitaji kazi mbili zikae mezani: "Kati ya hii na ile, nikipata saa moja tu, naishika ipi?" Hapo huwezi kujibu "zote mbili."

Herufi hizo zinasaidia pale tu zinapopanga foleni. Mtindo unaoutumia unatokana na todo.txt, kanuni fupi ya uandishi wa kazi aliyoianzisha Gina Trapani mwaka 2006. Herufi kubwa ndani ya mabano hukaa mwanzoni kabisa mwa mstari, na kazi ikiisha, mstari huanza na x ndogo. Alama hizo zinafaa kwa foleni: katika msimbo wa herufi wa kompyuta, mabano hutangulia herufi zote, na x ndogo iko karibu na mwisho. Ukiamuru faili lijipange, kazi za mbele hupanda juu na zilizokwisha hushuka chini, bila programu yoyote maalumu. Tena kanuni inaruhusu A hadi Z. Aliyeibuni alikupa ngazi 26, nawe umezirundika kazi 43 kwenye ngazi ya kwanza.

Ninachokushauri kwa wiki mbili zijazo ni kufuta herufi zote. Kabisa. Katika faili la maandishi, mistari miwili haiwezi kukaa mahali pamoja: mmoja uko juu na mwingine uko chini yake. Nafasi ya mstari ndiyo itakuwa kipaumbele chake. Programu nyingi za kuandikia zina njia ya mkato kwenye kibodi ya kusogeza mstari mzima juu au chini; itafute, kwani ndiyo kitufe utakachokitumia kuliko vyote. Kila ukiusogeza mstari, umefanya uamuzi ambao herufi ilikuwa inakusaidia kuukwepa.

Utaniuliza, nani anaweza kupanga mistari 140 mmoja baada ya mwingine? Hakuna, wala haihitajiki. Kosa la pili, na kwangu hili ndilo kubwa, ni kwamba unatumia faili moja kwa kazi mbili zisizofanana. Unalitumia kukumbuka, na hapo hapo unalitumia kuamua. Kwa kukumbuka unahitaji kila kitu kiwemo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi nazo ni hivyo hivyo. Kwa kuamua unahitaji vitu vichache tu mbele ya macho. Faili moja haliwezi kuwa pana na jembamba kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo tengeneza mafaili mawili. La kwanza liite ghala. Humo kila kitu kinaingia bila kupangwa, bila herufi, mstari mpya chini ya ule wa mwisho. La pili liite leo. Hili lina mistari mitano, na imepangwa kwa mfuatano utakaoifanya. Mimi huandika mitano. Nimewahi kujaribu kumi, nikagundua kuwa mitano ya chini nilikuwa naibeba kila siku hadi kesho yake kama abiria asiyeshuka.

Methali tuliyolelewa nayo inasema linalowezekana leo lisingoje kesho. Kwa mtu mwenye kazi tano ni shauri zuri. Kwa mwenye 140, karibu kila moja inawezekana leo ukiitazama peke yake, na ndiyo maana nusu saa yako ya asubuhi inapotea: unapita mbele ya kazi 140 zinazowezekana, zote zikikuita. Faili la leo ni ruhusa uliyojipa mwenyewe ya kuziacha 135 zingoje bila kujiona mzembe.

Sasa tuje kwenye vile vikazi vidogo, maana umeviandika kwa sauti ya kujilaumu, na sioni sababu. Mwaka 2018 watafiti Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walichapisha majaribio ambamo watu walipewa kuchagua kati ya kazi mbili: moja ina malipo madogo lakini muda wake unakaribia kwisha, nyingine ina malipo makubwa na muda wa kutosha. Haraka hiyo iliwafanya watu wengi zaidi waichague ile ya kwanza, ingawa walikuwa wanajua inalipa kidogo. Uharaka wenyewe una mvuto, hata ukiwa hauna maana. Barua pepe isiyojibiwa inaonekana kama inaungua. Ripoti ya mwezi ujao imetulia tu. Kulemewa na mvuto huo hakuhusiani na uvivu, na hutaushinda kwa kujikaripia.

Utaushinda kwa namna ya kuandika. Kazi kubwa moja iwe mstari wa kwanza wa leo, na uishike kabla hujafungua kitu kingine. Vidogo vyote vipewe mstari mmoja kwa pamoja, wenye mipaka ya muda, kwa mfano:

Vidogo: dakika 40, kuanzia saa tisa alasiri (tafuta @simu na @barua)

Huko kwenye ghala, kila kikazi kidogo kiwe na alama yake ya @ inayoonyesha kinafanyikia wapi au kwa chombo gani. Saa tisa ikifika, unafungua ghala, unatafuta neno @simu, na simu zote za kupiga zinajitokeza zenyewe. Unapiga hadi dakika zinakwisha. Kilichobaki kinabaki, kitapata saa tisa nyingine.

Jambo la tatu sikuliona kwenye barua yako, lakini ningeweka dhamana kuwa lipo. Nenda kaangalie hizo 43 zilivyoandikwa. Nina hakika nyingi ni neno moja au mawili: "Ripoti." "Tovuti." "Bima." Hizo ni mada, hazijawa kazi bado. Macho yakipita juu ya "Bima," akili inalazimika kuanza upya kila siku: bima ipi, nimpigie nani, namba ya mkataba iko wapi, imebaki muda gani? Kabla hujaanza umeshachoka, basi unaruka mstari na kushika kile kilicho wazi. Hapo ndipo vyepesi vinapokushindia. Si lazima viwe vyepesi kweli. Vimeandikwa kwa namna inayofanyika.

Mstari mzuri huanza na kitenzi na hutaja hatua ya kwanza inayoweza kufanywa na mikono:

Tafuta mkataba wa bima kwenye folda ya nyaraka, soma tarehe ya kwisha
Andika vichwa vitano vya ripoti, bila maelezo
Piga kwa fundi wa tovuti, uliza kwa nini ukurasa wa mawasiliano haufunguki

Niliwahi kuwa na mstari uliosomeka "Bima" kwa miezi minne. Niliusoma kila asubuhi. Bima ikaisha muda nikiwa nao mbele ya macho, na nilipokuja kuifuatilia, kazi yote ilichukua dakika ishirini. Tangu siku hiyo siandiki tena mstari usio na kitenzi, hata nikiwa na haraka kiasi gani.

Kuna utafiti unaoeleza kwa nini hili linatuliza akili pia. E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba malengo ambayo hayajatimizwa huendelea kuingilia fikra za mtu anapojaribu kufanya jambo lingine, lakini akiyawekea mpango mahususi, uingiliaji huo hupungua sana, ingawa kazi yenyewe bado haijafanyika. Mpango tu unatosha kuifanya akili iyaachie malengo hayo. Neno "Ripoti" si mpango. Ndiyo maana unaweza kuwa na faili lenye kila kitu na bado ukalala ukiwa na wasiwasi.

Tarehe nazo nitazikalia kidogo, kwa sababu zinaharibu orodha nyingi kuliko herufi. Watu huandika tarehe moja, ile ya mwisho. Kazi ya kuwasilishwa tarehe 30 huandikwa tarehe 30, halafu inalala chini ya faili hadi tarehe 28, ndipo inaamka na meno. Kila kazi inayozidi siku moja inahitaji tarehe mbili: ya kuanza na ya mwisho. Kanuni ya todo.txt inakuruhusu kuongeza jozi za neno na thamani zikitenganishwa kwa nukta mbili bila nafasi, na alama ya + kutaja mradi wa kazi, kwa hiyo unaweza kuandika:

Andika rasimu ya kwanza ya ripoti +ripoti anza:2025-03-10 mwisho:2025-03-28

Andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kila mara kwa tarakimu mbili za mwezi na siku. Ni mtindo wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, na faida yake kwako ni ya moja kwa moja: tarehe zilizoandikwa hivyo, zikipangwa kama maneno ya kawaida, hujipanga pia kwa kalenda. Ukianza na siku, tarehe 02 ya Novemba itatangulia 15 ya Machi, na faili litakudanganya.

Jioni, unapotafuta neno anza:2025-03 unaona kila kilichopaswa kuanza mwezi huo. Tarehe ya mwisho ni ya watu wengine. Ya kuanza ni yako, na ndiyo inayoamua kama kazi inaingia kwenye faili la leo.

Kama siku moja utachoka kutafuta kwa mkono, ipo Org mode, njia ya kupangia kazi aliyoianzisha mwanaastronomia Carsten Dominik mwaka 2003 ndani ya Emacs, programu ya kuandikia. Nayo ni maandishi matupu, ila inatofautisha tarehe hizo mbili kwa asili yake. Kazi yenye tarehe ya mwisho huanza kujitokeza kwenye ajenda siku 14 kabla, usipobadilisha mipangilio. Yenye tarehe ya kuanza hujitokeza siku hiyo na kurudi kila siku hadi uitie alama kuwa imekwisha. Ni chombo kizuri mno. Lakini usihamie sasa. Kujifunza Emacs ni kazi kubwa, na mtu anayekimbia kazi kubwa hupenda sana kupewa sababu ya heshima ya kufanya hivyo.

Utajuaje kazi ianze siku ngapi kabla? Hapa usiamini makadirio yako, wala mimi siamini ya kwangu. Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wakimalizia tasnifu zao watahitaji siku ngapi. Kwa wastani walikadiria siku 34 hivi. Walipoambiwa wafikirie mambo yakienda vibaya kabisa, walisema karibu 49. Walitumia siku 55 na nusu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1994, na kinachonigusa kila nikiurudia ni hiyo namba ya katikati: hata makadirio ya mabaya kabisa hayakufika ukweli wenyewe.

Dawa yake unayo tayari, pengine hujaitambua. Ukimaliza kazi, usiifute. Andika x ndogo, tarehe ya kumaliza, kisha tarehe uliyoiandika kazi mara ya kwanza, kisha kazi yenyewe:

x 2025-03-10 2025-02-27 Tuma rasimu ya hotuba kwa mhariri

Uihamishie kwenye faili la tatu, la zilizokwisha. Baada ya miezi miwili utakuwa na mistari mia na zaidi yenye tarehe mbili kila mmoja, na kutoa ya pili kutoka ya kwanza ni hesabu ya shule ya msingi. Utaona kwamba rasimu zako hukaa siku kumi na moja, si tatu. Kwamba kazi inayomhitaji mtu mwingine ajibu hukaa mara mbili ya ile unayoifanya peke yako. Usijiulize tena "hii itachukua muda gani?" Tafuta kazi tatu zinazofanana nayo ambazo umeshazimaliza, soma tarehe, uweke siku ya kuanza kulingana nazo. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kubaki na maandishi matupu: kumbukumbu ni yako, iko wazi, na unaweza kuitafuta neno kwa neno miaka mingi baadaye bila kuomba ruhusa ya programu iliyofungwa.

Sasa viporo. Kazi iliyobaki kwenye leo jioni ikihamia kesho, iongezee alama ya > mwanzoni. Ikibaki tena, >>. Ikifika >>> haiingii siku ya nne kama ilivyo. Isimamishe, uitazame. Mara nyingi utakuta ni kubwa mno, basi ivunje, uchukue kipande cha kwanza peke yake. Wakati mwingine inamngoja mtu, basi andika "Muulize fulani" na iwe kazi hiyo. Kuna iliyowekwa kabla ya wakati wake. Ipe tarehe ya kuanza, irudi ghalani. Na kuna ile ambayo, ukiwa mkweli, hutaki kuifanya wala hakuna atakayeumia isipofanyika. Hiyo ina mahali pake pia: faili linaloitwa labda. Najua kufuta kunauma, hasa jambo uliloliandika kwa matumaini, na sikulazimishi ufute. Maandishi hayana uzito, na siku ukilihitaji utalitafuta ulikute. Ila halitakutazama tena kila asubuhi.

Kuhusu nakala: weka folda yote mahali panapojihifadhi kwenye kompyuta na simu, na usilifungue faili moja kwenye vyombo viwili kwa wakati mmoja, maana utajikuta na nakala mbili zinazopishana. Sina zaidi ya hayo.

Kilichobaki ni hiyo nusu saa ya asubuhi. Ihamishie jioni na uifanye dakika kumi. Asubuhi ndipo una nguvu nyingi za kufanya kazi, na ndipo kila kitu kinapopiga kelele. Si saa nzuri ya kuchagua. Jioni umeshajua siku imekupeleka wapi. Fungua leo, tia x kwenye zilizokwisha, tia > kwenye viporo, pita ghalani ukitazama zenye tarehe ya kuanza ya kesho na siku mbili zinazofuata, chagua tano, zipange, funga. Kesho yake fungua leo peke yake. Ghala libaki limefungwa hadi saa tisa. Kazi mpya zikija katikati ya siku, ziandike chini kabisa ya leo, chini ya mstari mtupu, uzihamishie ghalani jioni. Ikiwa mojawapo kweli haiwezi kungoja, iingie katika zile tano, lakini moja itoke. Usiongeze ya sita. Ukilazimika kuchagua ipi itoke, ndipo utaona kama ile mpya ilikuwa na dharura ya kweli au kelele tu.

Usianze na mistari yote 140. Usiku huu chukua zile 43 tu, ziweke juu ya ghala, ufute mabano. Pita mara moja uzipe vitenzi zisizo navyo. Itakuchukua kama saa moja, na baadhi zitajifuta zenyewe utakaposhindwa kupata kitenzi chake. Kisha chagua tano za kesho kwa swali lile la saa moja. Baada ya wiki mbili niandikie tena: ghala lina mistari mingapi, na ni ipi iliyofika >>>. Hiyo ndiyo ninayotaka kuiona kwanza, uinakili kama ulivyoiandika, neno kwa neno.